Sumu Iondoayo Ndita

Mtu akikasirika, au akitafakari jambo zito, nyusi zake hukaribiana na ngozi iliyo baina yake hujikunja. Waswahili husema amekunja ndita. Hasira ikipita, ndita nayo hukunjuka na uso hurudia hali yake. Lakini baada ya miaka mingi ya kukunja na kukunjua, huja siku mtu akajitazama kiooni, hali hana hasira wala mashaka yoyote, akaikuta ndita ingali pale pale. Wenzake humwuliza ni nani aliyemwudhi, naye hakuudhiwa na mtu.

Tangu mwaka 1987 pana njia ya kitabibu ya kuiondoa ndita ya namna hiyo bila ya kutumia kisu. Mgonjwa, kama anastahili kuitwa mgonjwa, hudungwa sindano chache nyembamba baina ya nyusi, huenda zake kazini, na baada ya siku kadhaa paji lake la uso hulainika. Matibabu haya sasa ni miongoni mwa yale ya urembo yafanywayo kwa wingi kabisa duniani, na katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki nayo yanapatikana. Wengi wayajua kwa jina la biashara la Botox.

Kitu kilichomo katika sindano hiyo ni sumu. Wala si sumu ya kawaida kama ya nyoka au ya mihogo michungu, bali ni ile ambayo wataalamu huihesabu kuwa kali kupita zote zijulikanazo. Makala hii yakusudia kueleza jinsi sumu hiyo ilivyotoka katika chakula kilichooza ikafika katika chumba cha urembo, namna ifanyavyo kazi mwilini, na kitu gani hasa kinachomlinda mtu anayelala kitandani akakubali kudungwa. Swali hili la mwisho ndilo lenye uzito, na jibu lake si lile ambalo wengi hulitarajia.

Uso na misuli yake

Misuli mingi ya mwili imeshikamana na mifupa katika ncha zake zote mbili. Msuli ukijikaza, mfupa husogea. Misuli ya uso haiko hivyo. Mingi katika hiyo huanzia penye mfupa na kuishia ndani ya ngozi yenyewe, kwa hiyo ikijikaza kinachosogea ni ngozi. Ndiyo sababu binadamu aweza kutabasamu, kushangaa, kudharau na kununa pasipo kutamka neno. Tabibu Mfaransa Duchenne de Boulogne alilichunguza jambo hili kwa namna ya pekee. Aliigusa misuli ya uso mmoja baada ya mwingine kwa nguvu hafifu ya umeme, akapiga picha za sura zilizotokea, na mwaka 1862 akachapisha matokeo yake. Picha hizo zaonyesha wazi kwamba msuli mdogo usiozidi upana wa kidole watosha kumfanya mtu mtulivu aonekane mwenye uchungu mkubwa.

Msomaji aweza kujithibitishia mwenyewe kanuni moja iliyo rahisi: kunyanzi hukingama na msuli ulioisababisha. Msuli wa paji la uso huvuta kwenda juu, na mikunjo yake hulala kwa upana. Misuli ya nyusi huvuta kuelekea katikati, na ndita husimama wima. Msuli uzungukao jicho hujifunga kama mdomo wa mfuko wa kamba, na mikunjo yake hutawanyika pembeni mwa jicho kama miale.

Katika ujana mikunjo hii hutoweka mara msuli ulegeapo, kwa kuwa ngozi ina nyuzi za protini ziitwazo kolajeni, ambazo huipa uimara, na nyingine ziitwazo elastini, ambazo huirudisha mahali pake kama mpira. Kadiri miaka ipitavyo nyuzi hizo hupungua na kuvurugika. Hata hivyo umri peke yake haubebi lawama yote. Mwaka 1, tuseme, si adui mkubwa kama jua. Mwaka 2012 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya mzee wa miaka 69 aliyeendesha lori la mizigo kwa miaka 28 nchini Marekani. Upande wa kushoto wa uso wake, uliokuwa ukielekea dirishani, ulikuwa umejaa mikunjo mizito na mabonde. Upande wa kulia ulikuwa kama wa mtu mwenye umri mdogo zaidi. Umri wa pande zote mbili ulikuwa mmoja. Tofauti ilikuwa ni miali ya jua isiyoonekana kwa macho, ambayo hupenya kioo cha gari na kuzama ndani ya ngozi.

Hapa ndipo ngozi nyeusi inapopata faida yake. Rangi yake, iitwayo melanini, huzuia sehemu kubwa ya miali hiyo, na kwa sababu hiyo makunyanzi yatokanayo na jua huchelewa kuwatokea watu weusi. Misuli ya nyusi, lakini, hukunja ndita kwa watu wa rangi zote. Tofauti hii baina ya mikunjo ya jua na mikunjo ya misuli yafaa ikumbukwe, maana sindano tunayoizungumzia haina uwezo juu ya ile ya kwanza. Huutuliza msuli, basi. Anayetaka kuilinda ngozi yake na jua atapata faida kubwa zaidi kutokana na kofia pana, na kofia haina hatari.

Soseji, paja la nguruwe na kumbikumbi

Mwanzoni mwa karne ya 19, katika ufalme wa Württemberg ulioko kusini mwa Ujerumani ya leo, watu walikuwa wakifa baada ya kula soseji. Ugonjwa wao ulikuwa na dalili za kutisha. Kope zililegea, macho yaliona vitu viwili viwili, mdomo ulikauka, sauti ilipotea, kumeza kukawa shida, na mwishowe pumzi ikakatika. Lakini muda wote huo akili ya mgonjwa ilibaki timamu. Tabibu wa wilaya, Justinus Kerner, ambaye pia alikuwa mshairi mashuhuri, alikusanya habari za wagonjwa wengi na kuzichapisha baina ya mwaka 1820 na 1822. Aliwafanyia wanyama majaribio, na hata yeye mwenyewe alionja kiasi kidogo cha kitu alichokitoa katika soseji zilizoharibika, jambo ambalo hatumshauri mtu yeyote kuliiga. Kerner alitambua kwamba sumu hiyo hukata mawasiliano baina ya neva na misuli. Zaidi ya hayo aliandika kwamba huenda siku moja sumu hiyo, ikitolewa kwa kiasi kidogo sana, ikawa dawa ya maradhi ambamo neva husisimka kupita kiasi. Ilipita zaidi ya miaka 150 kabla ya wazo hilo kutimia.

Soseji kwa Kilatini ni botulus, na kutokana na neno hilo ugonjwa ukaitwa botulizimu.

Mwenye kuisababisha sumu alijulikana baadaye. Mwezi Desemba mwaka 1895, katika kijiji cha Ellezelles nchini Ubelgiji, wanamuziki wapatao 30 walikula chakula baada ya kupiga muziki mazikoni. Katika chakula hicho lilikuwamo paja la nguruwe lililohifadhiwa kwa chumvi. Wengi waliugua, na watatu wakafa. Profesa Emile van Ermengem wa Chuo Kikuu cha Ghent alilichunguza paja lile na viungo vya marehemu, akakuta bakteria ambao hustawi pale tu pasipokuwa na hewa ya oksijeni. Leo bakteria hao huitwa Clostridium botulinum.

Bakteria hao huishi udongoni karibu kila mahali duniani. Mambo yakiwa magumu hujifunika kwa ganda gumu na kulala, na katika hali hiyo hustahimili hata maji yachemkayo. Ndiyo maana viwanda vya vyakula vya makopo hupasha moto chini ya shinikizo hadi kufikia nyuzi 121 za Selsiasi, kwa muda usiopungua dakika 3. Sumu yenyewe, kwa upande wake, ni protini, nayo huharibika ikichemshwa vizuri. Kwa hiyo chakula cha kopo kilichochemshwa jikoni kina salama kubwa kuliko kile kinacholiwa kikiwa baridi.

Isidhaniwe kuwa habari hizi ni za Ulaya tu. Mwaka 1980 jarida la British Medical Journal lilichapisha taarifa ya mlipuko wa botulizimu nchini Kenya uliotokana na kula kumbikumbi. Kumbikumbi ni chakula bora chenye mafuta na protini, na wazee wetu walijua kuwakaanga na kuwaanika juani mpaka wakauke. Hatari huja pale mdudu mbichi au mwenye unyevu anapofungiwa kwa siku kadhaa mahali pasipopitisha hewa; hapo bakteria wa udongoni hupata kila kitu wanachokihitaji.

Tarishi aliyezuiwa mlangoni

Ubongo ukitaka msuli ujikaze, hupeleka amri kwa njia ya neva. Neva, hata hivyo, haigusani na msuli. Baina yao pana mwanya mdogo sana, na amri huvushwa mwanya huo na kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo twaweza kuifananisha na tarishi. Matarishi hao hukaa tayari ndani ya vifuko vidogo kwenye ncha ya neva. Amri ifikapo, vifuko hujiambatisha na ukuta wa neva, hupasuka kwa nje, matarishi huvuka, na msuli hujikaza.

Mwaka 1949 Arnold Burgen na wenzake huko London walionyesha kwamba sumu ya botulini huwazuia matarishi wasitoke. Namna inavyowazuia ilifumbuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sumu hiyo ina sehemu mbili zilizounganishwa. Sehemu kubwa huitambua ncha ya neva na kuingia ndani yake. Sehemu ndogo, ikisha kuingia, hufanya kazi ya mkasi. Katika aina A ya sumu, ambayo ndiyo itumikayo zaidi katika tiba, mkasi huo hukata protini moja iitwayo SNAP-25, ambayo ni kama ndoana ya kufungia vifuko kwenye ukuta. Ndoana zikisha kukatwa, vifuko huelea ovyo. Amri hufika, lakini hakuna wa kuivusha.

Siri ya ukali wa sumu hii imo hapo. Mkasi mmoja haukati ndoana moja na kuishiwa nguvu. Huendelea kukata nyingine na nyingine, kwa wiki na miezi. Chembe chache tu zatosha kuinyamazisha ncha nzima ya neva. Msuli wenyewe haukuumia wala neva haikufa. Baada ya muda neva huchipua vijitawi vipya vya kuufikia msuli, kisha ncha ya zamani hujitengenezea ndoana nyingine na kurudia kazi yake. Kwa hiyo mgonjwa wa botulizimu ambaye mashine ilimsaidia kupumua katika muda wote huo aweza kupona kabisa. Na kwa sababu iyo hiyo, ndita iliyoondolewa kwa sindano hurudi baada ya miezi mitatu au minne.

Kutoka silaha hadi makengeza

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani iliogopa kwamba maadui wangeitumia sumu hii kama silaha, ikaanzisha utafiti wake yenyewe katika kambi ya Fort Detrick huko Maryland. Mwaka 1946 sumu ya aina A ilipatikana hapo ikiwa safi, katika umbo la fuwele. Miongoni mwa waliohusika na kazi ya kuisafisha kwa miaka mingi alikuwa Edward Schantz. Mwishoni mwa mwaka 1969 Rais Nixon alitangaza kuacha silaha za viini vya maradhi, na miezi michache baadaye silaha za sumu zitokanazo na viumbe, ndipo mwaka 1972 Schantz akahamia Chuo Kikuu cha Wisconsin akiwa na ujuzi wake wote.

Wakati huo huo daktari wa macho wa San Francisco, Alan Scott, alikuwa akitafuta njia ya kutibu makengeza bila ya upasuaji. Jicho lenye makengeza aghalabu huvutwa upande mmoja na msuli wenye nguvu kuliko mwenziwe. Msuli huo ukilegezwa kidogo, jicho hunyooka. Scott alijaribu kemikali kadhaa, zisifae. Schantz alimpatia sumu ya botulini. Mwaka 1973 Scott alichapisha matokeo ya majaribio yake kwa kima, mwishoni mwa miaka ya 1970 akaanza kuwatibu watu, na mwaka 1980 akatangaza kwamba njia hiyo yafaa. Mwezi Novemba mwaka 1979 Schantz alikuwa amemtengenezea fungu maalumu la sumu, lisilofika hata robo ya gramu. Fungu hilo dogo ndilo lililotumika kuwatengenezea dawa wagonjwa wa Marekani hadi mwaka 1997. Mwandishi huyu hajui dawa nyingine ambayo kijiko kisichojaa kingewatosha wagonjwa wa taifa kubwa kwa karibu miaka 20.

Serikali ya Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwezi Desemba 1989 kwa ajili ya makengeza na kwa ugonjwa ambao kope hukakamaa na kujifumba zenyewe, hata mtu mwenye macho mazima akawa kama kipofu. Ni ugonjwa huu wa kope uliofungua mlango wa urembo. Mwaka 1987, mjini Vancouver nchini Kanada, daktari wa macho Jean Carruthers alikuwa akimtibu mama mmoja mwenye maradhi hayo. Siku moja mama huyo alilalamika kwa kuwa safari hiyo hakudungwa baina ya nyusi. Alikuwa ametambua kwamba kila adungwapo hapo uso wake huonekana mtulivu. Jean Carruthers alimsimulia mumewe, Alastair, ambaye alikuwa daktari wa ngozi na aliyekuwa akihangaika siku zote na wagonjwa waliotaka kuondolewa ndita. Walianza kulijaribu jambo hilo, na mwaka 1992 wakachapisha taarifa yao ya kwanza. Mwezi Aprili 2002 Marekani ikaidhinisha matumizi hayo rasmi.

Yafaa kusema hapa kwamba urembo si kazi pekee ya dawa hii, wala kwa maoni yetu si kazi yake iliyo bora. Hutumika kuwalegeza watu ambao shingo zao zimepinda kwa mkakamao, kuwapunguzia wengine maumivu sugu ya kichwa, kuzuia jasho la kupita kiasi kwapani, na kuwasaidia watoto wenye mtindio wa ubongo waweze kukanyaga kwa wayo mzima badala ya kutembea kwa vidole.

Kilichomo katika kichupa

Kichupa cha kawaida cha Botox kina vizio 100. Kizio kimoja ni kiasi cha sumu kinachotosha kuua nusu ya kundi la panya wadogo wa maabara waliodungwa tumboni. Kipimo hiki cha kikatili kilitumika kwa miaka mingi kukagua kila fungu la dawa, mpaka mwaka 2011 Marekani ilipomruhusu mtengenezaji wa Botox kutumia seli zilizooteshwa katika maabara badala ya panya.

Kwa uzito, vizio 100 ni kama nanogramu 5 za protini ya sumu. Nanogramu moja ni gramu moja iliyogawanywa mara milioni elfu. Hakuna jicho liwezalo kuona kiasi hicho, wala mizani ya duka la dawa haiwezi kukipima. Basi ule utando mweupe unaoonekana chini ya kichupa ni nini? Ni chumvi ya kawaida pamoja na albumini, yaani protini itokayo katika damu ya binadamu, ambayo hutiwa ili kuihifadhi sumu isipotelee katika kuta za kioo. Albumini hiyo ina uzito wa nusu miligramu, ambao ni mara laki moja ya uzito wa sumu yenyewe.

Msomaji aitafakari hesabu hiyo. Kichupa chenye dawa halisi, kichupa kisicho na dawa yoyote, na kichupa chenye sumu mara elfu ya kiasi kinachotakiwa, vyote vitatu vikiwekwa mezani vitafanana. Daktari bingwa hawezi kuvitofautisha kwa macho, sembuse mteja.

Kwa ndita za baina ya nyusi daktari hutumia vizio 20, vilivyogawanywa katika sehemu tano. Kutokana na majaribio ya kima, imekadiriwa kwamba kiasi cha kumwua mtu mzima kwa kumdunga ni baina ya vizio 2,500 na 3,000. Maana yake ni kwamba baina ya kipimo cha urembo na kipimo cha mauti pana umbali wa zaidi ya mara 100, nao ni umbali mpana kuliko ule wa dawa nyingi tunazozimeza bila ya wasiwasi. Sumu iliyo kali kuliko zote, ikipimwa sawasawa, ni dawa yenye usalama mkubwa. Lakini umbali huo hulindwa na kipimo cha kiwandani na mkono wa mtu mwenye ujuzi, basi.

Mkono huo wapasa kujua mambo kadhaa. Wapasa kujua kwamba vizio vya mtengenezaji mmoja si sawa na vya mwingine. Kwa Dysport, ambayo ni dawa ya jamii iyo hiyo, ndita hizo huhitaji vizio 50. Sindano ikikaribia mno kope, dawa yaweza kuuvuja msuli unaoinua kope, na jicho likabaki limelegea kwa wiki kadhaa. Mtu mwenye maradhi ya udhaifu wa misuli aweza kudhurika kwa kiasi ambacho hakimdhuru mwingine, na mama mja mzito hushauriwa asubiri. Kichupa nacho hutakiwa kukaa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, swali la jokofu si swali dogo, na mteja ana haki ya kuliuliza.

Sindano ambazo si sumu

Watu huchanganya mara nyingi sindano ya kulegeza msuli na sindano ya kujaza. Hii ya pili huingiza kitu chini ya ngozi ili kuinua bonde la kunyanzi. Historia yake ina majuto mengi. Mwaka 1899 Robert Gersuny wa Vienna alianza kudunga mafuta ya jamii ya parafini; kwa miaka michache njia hiyo ilienea Ulaya na Marekani, hadi ilipoonekana kwamba mafuta hayo huhama mahali pake na kuota mavimbe magumu yanayoharibu uso kuliko makunyanzi yenyewe. Siku hizi hutumika zaidi asidi ya hialuroni, kitu ambacho mwili wenyewe hukitengeneza na ambacho huyeyushwa kwa kimeng'enya iwapo kimekaa vibaya. Hata hiyo ina hatari yake: ikiingia kwa bahati mbaya ndani ya mshipa wa damu, hasa karibu na pua na baina ya nyusi, yaweza kusukumwa hadi kwenye mshipa wa jicho, na mtu akapofuka kwa dakika chache tu. Mafuta ya kupikia, silikoni ya viwandani na vimiminika visivyo na jina havina nafasi katika uso wa mtu.

Pale kipimo kinapopotea

Mwishoni mwa mwaka 2004, watu wanne waliopata sindano katika jimbo la Florida nchini Marekani walifikishwa hospitali wakiwa wamepooza. Walikuwa wamedungwa sumu ya botulini iliyotengenezwa kwa ajili ya utafiti wa maabara, si kwa binadamu, tena bila ya kipimo cha kitabibu. Miongoni mwa wanne hao alikuwamo tabibu mwenyewe aliyetoa sindano. Walinusurika kwa sababu hospitali ilikuwa na mashine za kupumulia na wauguzi wa kutosha kwa wiki nyingi.

Mapema mwaka 2023 zaidi ya watu 60, wakiwamo wakazi wa Ujerumani, waliugua botulizimu baada ya kudungwa sumu hiyo nchini Uturuki katika ukuta wa tumbo la chakula, kwa tumaini la kupunguza unene. Matumizi hayo hayakuwa yameidhinishwa. Mwezi Aprili 2024 mamlaka za Marekani zilitangaza kwamba vichupa bandia vyenye jina la Botox vimepatikana katika majimbo kadhaa, na baadhi ya watu waliodungwa walilazwa hospitali. Wengine walikuwa wamedungwa nyumbani au katika vyumba vya urembo na watu wasio na leseni.

Nchi hizo zina wakaguzi wengi na maabara kubwa. Bei ya dawa halisi ni ghali, na palipo na dawa ghali yenye kutamaniwa hapakosekani mwenye kuuza ya bei nafuu. Kwa hiyo mtu aliyekusudia kudungwa na aombe kuonyeshwa kichupa kikiwa hakijafunguliwa, asome jina la mtengenezaji, namba ya fungu na tarehe ya mwisho wa matumizi, na ajue kama dawa hiyo imesajiliwa na mamlaka ya dawa ya nchi yake. Aulize pia kama anayeshika sindano ni daktari aliyesajiliwa. Anayekasirishwa na maswali haya amekwisha kuyajibu.

Maumivu madogo ya kichwa na alama ya damu mahali pa sindano ni mambo ya kawaida, nayo hupita. Dalili za sumu iliyosambaa ni nyingine, na zaweza kutokea baada ya saa chache au hata wiki kadhaa: kuona vitu viwili viwili, kope zote mbili kulegea, ulimi kuwa mzito, maji kurudi puani wakati wa kumeza, shingo kushindwa kukibeba kichwa, na pumzi kuwa fupi. Mwenye dalili hizi asingoje asubuhi wala asirudi kwa aliyemdunga, bali aende hospitali yenye mashine ya kupumulia, na aseme wazi kwamba alidungwa, hata kama anaona haya. Ipo dawa ya kuikabili sumu hii, itokanayo na damu ya farasi. Huikamata sumu ambayo ingali inazunguka katika damu. Ile iliyokwisha kuingia ndani ya neva haifikii tena.